Mgeni wa Binti Asali

Bwana Dabney alipoingia kwa akina Stovall asubuhi ile ya Jumatatu, hakuvua kofia. Alisimama katikati ya sebule, akamtazama Lonzo Stovall kama mtu anayetazama ndoo iliyosahauliwa mlangoni, kisha akamgeukia mwenye nyumba wa kike.

"Ardelia, mshindi amepatikana. Jumapili anakuja kula hapa. Na huyu bwana," akamwonyesha Lonzo kwa kidevu, "asiwepo."

"Huyu bwana ana jina," Lonzo alisema.

"Na ana mama!" sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa ya Mama Hessie, mama yake Lonzo, ambaye masikio yake yalikuwa mabovu kanisani tu.

Bwana Dabney hakuwajibu. Hakuwa na mazoea ya kujibu watu ambao haandiki majina yao kwenye hundi. Kiwanda chake kilitengeneza Mafuta ya Malaika, mafuta ya nywele yaliyokuwa yamejaa kwenye kila meza ya kujipambia upande wa kusini wa Chicago, na yeye ndiye aliyelipia nusu saa ya redio kila Jumatano jioni, saa ambayo Ardelia aliimba jazi. Ila nje ya mtaa wetu hakuna aliyemjua kwa jina la Ardelia. Hewani aliitwa Binti Asali. Mwaka ule wa 1932 kazi zilikuwa zimekauka kama kisima cha kiangazi, na sisi wa mtaa wa Calumet tulikuwa na vitu vichache vya kujivunia. Kimojawapo kilikuwa sauti yake: nzito kidogo, yenye mikwaruzo mwishoni, kama sukari iliyoanza kuungua. Wasiokuwa na redio walisimama chini ya madirisha ya wenye redio, na wenye redio waliacha madirisha wazi hata kwenye baridi, kwa sifa.

Tatizo lilikuwa maneno aliyotungiwa kati ya wimbo na wimbo. Bwana Dabney aliamini kwamba hakuna mwanamume atakayenunua kopo la mafuta kwa sababu ya mke wa mtu. Basi akamfanya Ardelia mwari ambaye hajaolewa, anayeishi na shangazi mzee, na anayekaanga kuku kwa namna ambayo wagonjwa huinuka vitandani. Uongo ni kama panya. Ukifuga wawili, hutajua wa tatu katoka wapi. Wa tatu ulikuwa shindano: atakayetuma vifuniko vingi zaidi vya Mafuta ya Malaika atakula chakula cha Jumapili nyumbani kwa Binti Asali, kilichopikwa kwa mikono yake mwenyewe.

Ardelia hakuweza kuchemsha yai. Maji yalikuwa yakimshinda.

"Ni nani aliyeshinda?" aliuliza.

"Bwana mmoja wa Gary, Erastus Whitlow. Ameleta gunia zima. Mpiga picha wa gazeti atakuja. Vua pete, pika kuku, cheka kidogo. Mkataba wa msimu ujao naandika wiki inayofuata, na napenda kuandika nikiwa na furaha."

Alipoondoka, Lonzo aliufunga mlango taratibu mno, namna ya mtu ambaye angependa kuupiga.

"Niende wapi Jumapili nzima? Nikakae kwa kinyozi, waniimbie tena 'Bwana Asali, Bwana Asali'?"

Tangu machinjioni walipompunguza kazi, jina hilo lilikuwa limemganda. Watu walimwuliza kama anaumwa na nyuki akilala. Kijana mmoja alithubutu kumwuliza kama na yeye anavaa gauni siku ya Jumatano.

"Mume wangu, ni chakula tu," Ardelia alisema. "Hayazidi masaa mawili."

"Sitoki. Hii ni nyumba yangu, hata kama kodi unalipa wewe." Alizunguka meza mara moja, kisha akasimama. Kuna tabasamu moja la Lonzo ambalo mama yake alikuwa akilichapa tangu utoto wake kule Mississippi, na tabasamu hilo likajitokeza. "Nitakuwa mtumishi."

"Nani?"

"Nyota wa redio atakosaje mtumishi? Yule Clovis wa ghorofa ya chini anafanya kazi kwenye behewa la chakula la treni. Nitaazima koti lake jeupe. Nitasema 'ndiyo bwana, hapana bwana', nitahudumia, na macho yangu yatakuwa juu ya huyo Whitlow kama nzi juu ya pai."

"Na mimi?" Mama Hessie alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimi nimekuwa nani katika ukoo huu mpya?"

"Shangazi mzee, Mama."

"Mzee?" Aliutazama ule mwiko kana kwamba anaupima uzito. "Haya. Lakini kuku ni wangu. Anayetaka kudanganya adanganye kwa vitu vyake."

*

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Lonzo hakulijua. Ardelia alikuwa mjamzito, karibu mwezi wa nne. Mama Hessie aligundua bila kuambiwa, siku mkwe wake aliponusa kahawa akakimbia.

"Unamwambia lini mwanangu?" alimwuliza Jumamosi, wakichambua majani ya mboga jikoni. Yaani yeye alichambua, Ardelia akayahamisha kutoka upande huu kwenda upande ule.

"Baada ya mkataba. Nikimwambia Lonzo leo, ataimba mtaa mzima kabla ya jua kuzama. Dabney akisikia, ananitoa. Tutakula nini, Mama?"

"Mimba si deni, mwanangu, kwamba utaomba uongezewe muda."

"Redio haina macho. Naweza kuimba mpaka siku ya kujifungua."

"Redio haina macho, lakini Jumapili anakuja mtu mwenye macho mawili." Mama Hessie akamnyang'anya majani. "Na hebu acha, unaniharibia mboga."

*

Bwana Erastus Whitlow alifika mapema. Alikuwa mtu mpana, wa miaka kama hamsini na mitano, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, suti yake imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Alibeba kofia yake kwa mikono miwili, na alipoinamisha kichwa kusalimia, watu wote sebuleni waliona jambo moja kwa wakati mmoja: hakuwa na unywele hata mmoja. Mshindi wa Mafuta ya Malaika alikuwa na upara kama sahani.

Mpiga picha alishusha kamera yake polepole. Bwana Dabney alikohoa.

"Bwana Whitlow," Dabney alisema, "labda kofia tungeiacha kichwani, kwa ajili ya picha?"

"Ndani ya nyumba ya watu? Mama yangu atafufuka anichape." Akamgeukia Ardelia, na uso wake mkubwa ukalainika. "Binti Asali. Usinicheke. Akina mama wa kanisa letu walinisaidia. Kila aliyemaliza kopo aliniletea kifuniko. Wengine walipaka hata mikono ili liishe upesi."

Ardelia alicheka kweli, cheko ambalo halikuwa kwenye mkataba. Lonzo alitokea na koti la Clovis, mikono ya koti imeishia karibu na viwiko, akapokea kofia ya mgeni.

"Asante, kijana," Bwana Whitlow alisema, akamtia senti kumi mkononi.

Lonzo aliitazama ile sarafu. Kutoka jikoni Mama Hessie alikohoa kikohozi kirefu kilichofanana sana na kicheko.

Walikaa mezani Ardelia, mgeni na Dabney; mpiga picha alisimama kwenye kona, kwa sababu viti vilikuwa vinne na kimoja kilikuwa cha shangazi. Lonzo alileta kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemshwa na mkia wa nguruwe, mkate wa mahindi, achari ya matango, na bakuli la mchuzi mzito. Bwana Whitlow aliomba, akala pande la kwanza la kuku, akafumba macho.

"Mikono hii," alisema, akimtazama Ardelia, "imepata mafunzo."

"Imepata," Mama Hessie alisema. "Kwangu."

"Kuku huyu ulimloweka kwenye nini, Binti?"

Ardelia alimtazama kuku kama mwanafunzi anavyotazama hesabu. "Kwenye... bakuli."

Bwana Whitlow alicheka mpaka meza ikatikisika. "Siri ya jikoni! Vema, vema. Mwanamke asimwage mtama kwenye kuku wengi." Kisha akafuta mdomo, akaiweka leso chini, na kila mtu akahisi kwamba kitu kizito kinakuja. Lonzo alikuwa nyuma ya kiti chake na bakuli la mchuzi.

"Binti, mimi si mtu wa maneno mengi. Nimefiwa na mke miaka sita. Watoto wangu wameoa na kuolewa, nyumba yangu ina vyumba vinne na mimi nalala kimoja. Jumatano naweka kiti karibu na redio, nakusikia. Unajua ule wimbo wako wa nyumba isiyo na viatu mlangoni? Nilipousikia nikasema, huyu naye analala peke yake. Basi sikuja kwa ajili ya kuku tu. Nimewaambia kanisani kwamba nakuja kuposa."

Dabney alitabasamu kwa furaha ya mfanyabiashara; mpiga picha akachomoa kalamu. Mchuzi ulianza kutetemeka ndani ya bakuli.

"Bwana Whitlow," Ardelia alianza, "umenipa heshima kubwa..." Lakini Mama Hessie, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa amesogeza chungu cha kahawa mezani. Harufu ilimpiga Ardelia usoni. Aliweka leso mdomoni, akainuka nusu, akakaa tena, jasho limemtoka.

Bwana Whitlow alimtazama. Akatazama sahani ya Ardelia, ambayo nyama yake haikuguswa na achari ya matango ilikuwa imekwisha yote. Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira.

"Ahaa," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu alizaa saba, Binti. Huyu unamtarajia lini?"

Bakuli la mchuzi lilianguka. Halikuanguka sakafuni, lilianguka kwenye paja la Bwana Dabney.

"Mjamzito?" Dabney alipiga yowe, na haikujulikana ni kwa habari au kwa mchuzi. "Mjamzito wa nani?"

"Haidhuru," alisema Bwana Whitlow, na akaunyosha mkono wake mpana juu ya meza, "mimi sina neno. Mtoto ni mtoto. Kama huyo mhuni aliyekupa amekimbia, mimi nipo, na jina langu ni safi."

"Huyo mhuni hakukimbia!" Lonzo alisema. "Huyo mhuni ni mimi! Delia, ni kweli?"

Ardelia aliitikia kwa kichwa.

"Mtumishi?" Bwana Whitlow alisimama, na sasa hasira ilimpanda kweli. "Binti, na mtumishi? Aliyepokea kofia yangu?"

"Mtumishi gani?" Mama Hessie alikuwa amechoka. Alivua aproni akaitupa juu ya kuku. "Huyu ni mwanangu wa kumzaa, Alonzo Stovall. Huyu ni mke wake wa ndoa, kanisani, mimi nilikuwepo, niliumwa na viatu siku nzima. Mimi si shangazi ya mtu. Kuku nilimloweka kwenye maziwa ya mgando tangu jana usiku. Na wewe Bwana Dabney usinipangusie mchuzi kwa kitambaa changu cha meza!"

Lonzo hakusikia chochote katika hayo. Alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha mke wake, na koti la Clovis likachanika mgongoni kutoka juu mpaka chini.

*

Bwana Whitlow alikaa. Hakuna jambo la kuchekesha katika uso wa mtu mzima aliyevaa suti yake nzuri na kusafiri kwa treni ili afanywe mjinga, na hata Mama Hessie alitazama pembeni.

"Ule wimbo," alisema mwishowe. "Wa viatu. Nao ulikuwa uongo?"

"Hapana," Ardelia alisema. Alikuwa ameacha ile sauti ya redio. Hii ilikuwa ya kwake. "Mwaka juzi Lonzo alikwenda Detroit kutafuta kazi. Wiki nyingi, bila habari. Nilikuwa nakaa hapo ulipo, natazama mlango. Nilipoimba nilikuwa nakumbuka hayo. Jina walilibuni, Bwana Whitlow, na kuku, na shangazi. Lakini nikiimba sidanganyi. Na hata hivyo nimekukosea. Nilijua mtu atakuja, nikavua pete yangu nikaitia kwenye kopo la chumvi."

"Ndiyo maana chumvi ilikataa kumwagika," Mama Hessie alinong'ona.

Bwana Whitlow alifikiri. Kisha akavuta sahani yake, akaondoa aproni iliyoangukia kuku, akala. Alikula pande la pili na la tatu, akafuta mchuzi uliobaki kwa mkate wa mahindi mpaka sahani ikang'aa. Wote walimngojea kama watoto wanaongojea hukumu.

"Njaa haina kosa," alisema akisimama. "Mwenye kamera, njoo. Niliwaahidi watu wa Gary picha. Piga. Na huyu mume awemo, na mama yake awemo, na hilo koti lililochanika lionekane."

"Sitaki picha!" Dabney alisema, ameishika suruali yake mbali na ngozi.

"Wewe hukualikwa humo," Bwana Whitlow alimwambia.

Mwali wa kamera ukawaka. Mlangoni, Lonzo alimrudishia mgeni senti yake kumi. Mgeni akaikataa.

"Mpe mtoto," alisema, akavaa kofia.

*

Jumatatu Bwana Dabney alirudi akiwa na suruali nyingine na uso wa upatanisho.

"Nimezungumza na gazeti. Picha nimeinunua, na bamba la kioo la kuchapia nakala. Habari hakuna. Kilichotokea Jumapili hakikutokea." Akaketi bila kukaribishwa. "Ardelia, utaendelea kuwa Binti Asali. Tumbo likikua, utaingia studio kwa mlango wa nyuma. Huyu ni kaka yako, alikuwa akifanya utani. Kwa usumbufu huo nakuongezea dola kumi kwa kila kipindi."

"Na Bwana Whitlow?" Ardelia aliuliza. "Atawaambia watu wake alichokiona."

"Mzee mwenye upara aliyekataliwa? Atasema nini? Watajua kwamba alikataliwa, akatunga. Wamcheke wiki mbili, wasahau."

Dabney akatoka. Dola kumi za nyongeza katika mwaka ule zilikuwa makaa ya mawe ya majira yote ya baridi. Ardelia alimtazama mumewe akitegemea kelele. Lonzo alikuwa akishona koti la Clovis, sindano ikimchoma kila baada ya mishono miwili.

"Chukua," alisema bila kuinua macho.

"Lonzo!"

"Nilipiga kelele jana kwa sababu nilikuwa sijui kama kuna mtoto. Sasa najua. Nitakuwa kaka. Nitakuwa hata shangazi, wakitaka. Mtoto hali heshima yangu, Delia."

Maneno hayo yalimuuma Ardelia kuliko kelele ambazo angepigiwa. Alikaa karibu naye, akamnyang'anya sindano, ingawa kushona nako hakukuwa fani yake.

"Yule mzee alimaliza sahani," alisema. "Tulimfanya mjinga, akamaliza sahani, akakuachia senti. Huko Gary watamwita mwongo. Uongo ni wetu sisi, aibu anabeba yeye."

"Sasa utafanya nini?"

"Jumatano naimba."

Mama Hessie, aliyekuwa akisikiliza kwa masikio yake mazima ya jikoni, alisema, "Mwanangu, kabla hujafanya unalotaka kufanya, ngoja nikaazime makaa kwa Clovis mapema. Keshokutwa hatakuwa anatukopesha."

*

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mapazia mazito, maikrofoni katikati, na kioo upande mmoja. Kila Jumatano Bwana Dabney alisimama ndani kabisa, karibu na piano, ili aone fedha zake zikiimba. Sheria moja ilimhusu hata yeye: taa nyekundu ikiwaka, hakuna anayetoa sauti, kwa maana maikrofoni ile ilisikia hata mtu akimeza mate.

Mtangazaji alisoma tangazo. Piano ilianza polepole. Ardelia alisogea.

"Habari za jioni, Chicago," alisema. "Na leo hasa, habari za jioni, Gary. Jumapili alikuja kwangu Bwana Erastus Whitlow, aliyeshinda shindano letu. Nataka watu wa kanisa lake wanisikie vizuri. Kila alichowaambia ni kweli."

Bwana Dabney alifungua mdomo. Akakumbuka taa. Akaufunga.

"Mimi siitwi Binti Asali. Naitwa Bi Ardelia Stovall. Nina mume, anaitwa Lonzo. Ndiye aliyekuwa anahudumia meza, na koti lilikuwa la kuazima. Clovis, tunakushonea, usiwe na wasiwasi."

Bwana Dabney alikuwa sasa akikata shingo yake mwenyewe kwa kidole, akimwelekeza fundi nyuma ya kioo azime mitambo. Fundi alielewa vibaya, au alielewa vizuri sana. Alimpungia mkono kwa adabu. Dabney akavua kiatu amrushie, akafikiria kishindo, akabaki amekishika.

"Kuku alipikwa na mama mkwe wangu. Mimi siwezi kupika yai. Wanawake wenzangu mnaonisikiliza na kujilaumu kwamba Binti Asali anaimba na kupika na bado mikono yake ni laini, jipeni raha. Na kuna mtoto njiani, kwa hiyo mkisikia nimekata pumzi, ni yeye. Bwana Whitlow, nisamehe. Wimbo huu ni ule wa viatu. Ni wako."

Mpiga piano, ambaye machozi ya kicheko yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola, alipata shida kuona funguo. Akaimba Ardelia. Waliousikia wimbo ule jioni hiyo, na mimi nilikuwa chini ya dirisha la duka la samaki, watakuambia kwamba alikuwa hajawahi kuuimba hivyo. Watu waliokuwa wakicheka barabarani walinyamaza mmoja mmoja. Ulipokwisha, mtangazaji alipaswa kusoma maneno yaliyokuwa mbele yake, na akayasoma: "Mafuta ya Malaika. Hayafichi kitu." Akaangua kicheko hewani, na taa ikazimwa.

Kelele aliyoipiga Bwana Dabney baada ya hapo ilisikika mpaka kwenye lifti.

*

Nisiwadanganye kwamba ukweli ulilipa. Bwana Dabney alimfukuza usiku uleule, na jina la Binti Asali akabaki nalo, kwa sababu lilikuwa lake kwa karatasi. Wiki mbili baadaye Binti Asali mwingine akawa hewani, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye sauti nyembamba. Wapo walioapa kwamba ni yuleyule, ana mafua tu. Mama Hessie alimsikiliza mara moja, akatoa hukumu: "Huyu naye hajui kupika. Unasikia." Kisha akaizima redio, na hilo kwa mtaa wetu lilikuwa kama kuzima jua.

Makaa yalikuwa ya taabu. Clovis, ambaye koti lake lilirudi limeshonwa kama mdomo wa gunia, aliyatoa hata hivyo, akisema kwamba tangu atajwe redioni abiria wanampa bakshishi kubwa zaidi. Kwa kinyozi, jina la Bwana Asali lilikufa lenyewe. Sasa walimwita Lonzo "Mchuzi", na hilo alilipenda. Alipata vibarua vya kubeba barafu, siku mbili tatu kwa wiki.

Huko Gary, akina mama wa kanisa walilijadili jambo la Bwana Whitlow kwa majuma kadhaa. Mmoja wao, mjane aliyekuwa amepaka mafuta mpaka mikononi ili makopo yaishe, alitoa maoni kwamba mwanamume anayedanganywa usoni na bado akamaliza chakula hawezi kumsumbua mke. Majani yalipoanza kuanguka, yeye na Bwana Whitlow walikuwa wamefunga ndoa.

Ardelia alizunguka vituo vyote. Wengi walimwambia sauti ni nzuri, ila mwanamke mwenye tumbo ni mkosi. Mwisho alichukuliwa na Bwana Purvis, mwenye nyumba ya mazishi, aliyetaka robo saa ya nyimbo za huzuni, saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajaenda kazini. Malipo yalikuwa theluthi ya yale ya zamani. Masharti yalikuwa mawili: aimbe polepole, na asicheke, kwa maana jeneza si kitu cha mchezo.

"Na jina gani nitangaze?" mtangazaji alimwuliza siku ya kwanza.

"La kwangu."

Lonzo alimsindikiza kila alfajiri, akimbebea kiti, kwa sababu mimba ilipofika mwezi wa nane hakuweza tena kusimama wimbo mzima. Alikaa nyuma ya kioo, mikono mapajani, bado ananuka vumbi la mbao la kuhifadhia barafu. Bwana Purvis alikaa karibu naye na suti yake nyeusi, akitikisa kichwa kwa majonzi ya kikazi.

Asubuhi moja ya theluji, Ardelia alikuwa katikati ya wimbo wa kumlilia mama aliyekufa. Alikuwa amefika pale ambapo sauti hushuka kama mtu anayeingia kwenye kaburi. Ghafla akashika tumbo. Mtoto alikuwa amempiga teke, na si teke moja. Alipiga matatu, akafuata piano kwa mapigo. Ardelia alijaribu kuishika noti. Ikamponyoka. Akacheka hewani, kwa sauti ile nzito yenye mikwaruzo, katikati ya msiba, na kila alipojaribu kurudi kwenye kilio mtoto alimpiga tena.

Bwana Purvis alisimama, uso umemsawijika. Nyumba kwa nyumba kando ya barabara ya Calumet, watu waliokuwa wakivaa buti gizani walisimama na buti moja mguuni, wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Na nyuma ya kioo Lonzo, aliyeuona mkono wa mke wake ulivyoshuka na mahali uliposhika, hakuhitaji kuambiwa. Alimkumbatia Bwana Purvis, mwenye nyumba ya mazishi, akamwinua juu kabisa pamoja na suti yake nyeusi, miguu ikining'inia.